Mkono wa Bi Kona

Mama Chiriku alikuwa mtu wa kuonja chumvi mara mbili hata kama mpishi ni yeye mwenyewe, na mimi simlaumu. Baba wa mtoto aliaga kwamba anakwenda kutafuta maisha, na mpaka leo hajachoka kuyatafuta. Tangu hapo mama huyu akawa hamwamini mtu. Mtoto mwenyewe, msichana wa miaka miwili, aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo: aliamka akiongea, alikula akiongea, na usingizi ulimkuta hajamaliza alichokuwa anasema.

Kazi Mama Chiriku aliipata baada ya kuzunguka mpaka soli za viatu zikasalimu amri. Kilikuwa kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli na hospitali, jengo refu lenye mvuke na harufu ya sabuni, naye aliwekwa upande wa kukunja. Alikuwa bado yuko kwenye majaribio, lakini kwa mara ya kwanza alikuwa ameanza kulala usingizi wa mtu mwenye kazi.

Kukunja shuka si kazi ya mtu mmoja. Shuka linatoka kwenye rola la moto, huyu anashika kona mbili, yule anashika mbili, mnarudi nyuma, mnalikung'uta, mnalikunja kwa urefu, kisha mnatembea kuelekeana mpaka vidole vinagusana na mmoja anapokea kona za mwenzake. Mnaachana, mnaanza upya. Kutwa nzima unatazamana na uso mmoja. Ziko ndoa ambazo hazijatazamana kiasi hicho.

Uso aliopangiwa kuutazama ulikuwa wa Bi Kona, mwanamke mtu mzima aliyekunja mashuka tangu kiwanda kikiwa na paa la zamani. Jina alilipata kwa wimbo wake usiobadilika: "Kona kwanza, mwanangu, mengine yatajipanga." Ndiye aliyemfundisha. Siku za mwanzo Mama Chiriku alipoangusha mashuka sakafuni, na shuka likigusa sakafu linarudi kufuliwa, Bi Kona alimwambia msimamizi kwamba ni yeye mwenyewe, Bi Kona, aliyeliangusha.

Naye Bi Kona alikuwa na lake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kumsaliti. Ukichoka, vidole vilifunguka vyenyewe bila taarifa. Akiona dalili alinong'ona, "Shika," na Mama Chiriku aliruka hatua moja mbele akadaka kona kabla haijafika chini. Walifanya hivyo kwa wepesi mpaka mtu wa pembeni alidhani ni mtindo wao wa kukunja. Hakuna mwingine aliyejua.

Basi siku moja likaja sanduku kubwa la mbao, likawekwa karibu na mlango. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kukunja. Aliyeleta habari kamili alikuwa fundi wa rola, mtu waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Mashine inataka mtu mmoja tu wa kuilisha," alisema. "Katika kila jozi anabaki mmoja. Meneja atawaita mmoja mmoja, atamuuliza kila mtu habari za mwenzake."

"Kwa nini amuulize mwenzangu?" Mama Chiriku aliuliza.

"Nani mwingine anaijua mikono yako? Yeye Meneja hata foronya hajawahi kukunja."

Kuanzia hapo shuka likawa refu. Mama Chiriku alimtazama Bi Kona upande wa pili akaona mambo ambayo jana hayakuwepo. Mbona leo anatabasamu? Mbona leo hatabasamu? Na kilichomtia homa zaidi ni maswali. Bi Kona, ambaye zamani alizungumzia kona tu, ghafla alianza kumchimba kuhusu mtoto.

"Mwanao anaamka saa ngapi?"

"Mapema."

"Anawaogopa watu wasiomjua?"

"Kidogo."

"Na jirani anayekaa naye, bado yupo?"

Hapo Mama Chiriku alikosa kona yake. Jirani alikuwa anahama mwisho wa mwezi, na jambo hilo alikuwa amelificha kazini kama mtu anavyoficha ugonjwa. Mfanyakazi mpya, tena asiye na wa kumwachia mtoto, ni wa kwanza kuonyeshwa mlango. Lakini alichomwa na swali, akajikuta anajibu kweli. "Anahama."

"Anhaa," alisema Bi Kona, kisha akashika kona za shuka lililofuata.

Ile "anhaa" Mama Chiriku alikwenda nayo nyumbani. Aliikoroga kwenye uji wa mtoto. Chiriku alimweleza habari ndefu ya paka na ndoo, na mama yake aliitikia bila kusikia hata neno moja. Kesho yake Redio alipoulizwa kwa kuzungukazunguka, hakusita. "Anayekuuliza habari za mtoto anakusanya ushahidi, dada. Fungua macho."

Ningekuwa karibu ningemwambia aufunge mdomo wake na alishughulikie rola lake. Sikuwepo.

Siku ya kuitwa, Bi Kona aliitwa wa kwanza. Alikaa huko ofisini kwa muda ambao Mama Chiriku aliona ungetosha kumzika mtu. Alipotoka alikuwa anajifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akampita akimgusa bega. "Nenda, mwanangu. Usiogope." Mtu ameshakumaliza, halafu anakwambia usiogope. Mama Chiriku aliingia akiwa ameshaamua kwamba hatakufa peke yake.

Meneja alikuwa mtu wa upole, na huo upole wenyewe ulimtia shaka. Alimkaribisha kiti. "Mwenzako tumeshazungumza naye. Sasa wewe nieleze habari zake. Kazi anaiweza?"

Angesema anaiweza, yangeisha. Angekaa kimya hata kwa pumzi moja, pengine yangeisha pia. Lakini aliuona uso wa mtoto, akaiona ile "anhaa", na ulimi ukatangulia.

"Mkono wake wa kushoto umekufa," alisema. "Haushiki. Mimi ndiye ninayemdakia."

Meneja aliweka kalamu mezani. "Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja."

"Basi ajabu," alisema Meneja. "Hilo hakuniambia. Ameniambia anaitaka kazi, hakuficha, lakini akasema na wewe unaiweza sawasawa. Akaniambia nisikuondoe kwa sababu ya mtoto. Yeye ana mdogo wake anayeshinda nyumbani, wamekubaliana watakaa na mtoto wako, jirani yako akihama. Alikuwa anataka kuhakikisha kwanza mtoto haogopi watu, ndipo akwambie."

Mama Chiriku alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. "Si kila siku," alisema haraka. "Mkono wake. Ni akichoka tu. Mara nyingine ni mimi ninayeharakisha."

"Mashine inataka mikono miwili," alisema Meneja kwa upole wake uleule, akainuka kumfungulia mlango.

Walikunja pamoja mpaka saa ya kutoka. Mara moja Bi Kona alinong'ona, "Shika," naye akadaka. Mwisho wa wiki ikatangazwa: katika jozi yao anabaki Mama Chiriku. Bi Kona alikunja aproni yake, kona kwa kona, akaiweka juu ya meza. Mama Chiriku alitafuta la kusema. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa na mkono ndani yake. Bi Kona hakumtazama sana wala hakumkwepa, na Mama Chiriku aliyezoea kusoma nyuso hakuambulia chochote kwenye uso ule alioutazama kila siku. Je, Meneja amemwambia? Au amesema tu kwamba mashine ndiyo iliyoamua?

Jumatatu asubuhi, jirani akiwa ameshahama, mlango uligongwa. Alikuwa Bi Kona, amevaa nguo ya kutokea, na mdogo wake amesimama nyuma yake na kikapu.

"Nimekuja kumchukua mtoto," alisema. "Mimi na mdogo wangu tulishakubaliana."

"Bi Kona, si lazima. Baada ya haya yote."

"Haya yapi?"

Chiriku alikuwa ameshajipenyeza katikati yao, anamwuliza mgeni kama nyumbani kwake kuna paka. Bi Kona aliinama akamwinua na kumpakata mkono wa kushoto, upande wa moyo, kama wanawake wengi wanavyobeba. Macho ya Mama Chiriku yaliruka kwenye ule mkono kabla hajayazuia, na mguu wake ukasogea hatua moja mbele, mikono imeshanyooka kudaka.

Bi Kona aliliona hilo lote. Taratibu alimhamishia mtoto mkono wa kulia, akambana vizuri.

"Usiwe na wasiwasi," alisema. "Meneja ameniambia huu haushiki. Nenda kazini, mwanangu, utachelewa."