Ng'ombe Niliyemficha Uani

Mwanangu, katika siku zote nilizojaliwa kuishi, ipo moja ambayo hata leo nikiikumbuka, mkono huenda kifuani wenyewe. Ni siku niliyosimama nyuma ya mlango wa nyumba yangu Kibokoni nikamwambia mtu mwema uongo, na ng'ombe aliyekuwa uani akanisuta kwa sauti kubwa. Cheka, cheka tu. Mimi mwenyewe nacheka sasa. Wakati ule sikucheka.

Ilikuwa kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Nyumba alinipa baba, kama ilivyokuwa desturi yetu, na mume wangu akaja kukaa nami hapo. Lakini siku nyingi alikuwa safarini Lamu kwa biashara yake ya samli. Mama yake, Bi Mwanakheri, alikuwa na ng'ombe wa maziwa huko Makupa, zamani hizo sehemu kubwa ya kisiwa chetu ilipokuwa bado mashamba na vichaka. Mchungaji wake, Mgiriama mmoja mpole aitwaye Baya, alileta maziwa mjini kila asubuhi, na nyumba nyingi za mtaani kwetu zilikunywa chai kwa maziwa hayo. Katika zizi hilo palikuwa na ng'ombe mmoja aliyekuwa wangu mimi, zawadi ya harusi kutoka kwa baba. Nilimwita Lulu.

Sasa sikiliza kwa nini Lulu alikuwa zaidi ya ng'ombe kwangu. Dada yangu alifariki siku ya saba baada ya kujifungua, akaacha kitoto cha kike, Zainabu. Nilikichukua. Mama wa kukinyonyesha hatukumpata. Tulijaribu maziwa ya ng'ombe huyu na yule, mtoto akayatapika yote, mpaka tulipompa ya Lulu, yaliyochemshwa na kuzimuliwa kwa maji, kijiko kwa kijiko. Yakakaa tumboni. Basi tangu hapo nilikuwa nikimtazama ng'ombe yule kama mtu anavyoitazama kamba aliyoishika akiwa kisimani.

Mwaka huo ikaja habari kwamba sotoka imeshuka kutoka bara. Nyinyi vijana huenda hamuijui. Ni ugonjwa wa ng'ombe: homa kali, macho yanatoka machozi, kinywa kinajaa vidonda, kisha tumbo linaendesha, na baada ya siku chache zizi zima limelala chini. Serikali ikamleta daktari wa mifugo, Mzungu, pamoja na msaidizi wake aliyejua lugha yetu na adabu zetu, kijana wa Rabai aitwaye Yohana. Ikatangazwa kwamba ng'ombe wote wa kisiwani wachomwe sindano ya kuwakinga. Wa Makupa wangechomwa Jumatatu.

Jumapili jirani yangu, Bi Zuwena, akaja kunijulia hali ya mtoto. Alikuwa mwanamke mwema, ila habari ilikuwa haimkai kinywani.

"Rukia, umesikia? Hiyo sindano hukausha maziwa."

"Nani kasema?"

"Wote wasema! Tena wanamtia ng'ombe ugonjwa wenyewe. Damu ya ng'ombe mgonjwa, mwanangu, wanaichukua wanamtia mzima. Haya, hiyo ni dawa au ni husuda?"

Nilimtazama Zainabu amelala mkekani, mashavu yameanza kujaa jaa, nikamfunika vizuri. Angalia sasa nilipokosea. Yale aliyosema Bi Zuwena yalikuwa kweli nusu. Damu ilikuwamo. Nusu ya pili ilikuwa kwa Yohana, na Yohana alikuwa hapo hapo mjini, mtu wa kuulizwa. Sikumuuliza.

Baya alipoleta maziwa asubuhi ya Jumatatu, alifuatana na Lulu na ndama wake, kwa kuwa nilikuwa nimemtumia ujumbe amlete.

"Ng'ombe ni wako, Bibi," akaniambia akikuna kichwa, "lakini Bi Mkubwa akiniuliza?"

"Mwambie Lulu yuko kwa Rukia kwa ajili ya mtoto. Msaidizi wa daktari atapita majumbani kesho, atamchoma huku huku."

Ng'ombe akagoma kizingitini. Baya alivuta, mimi nikasukuma, ndama akatangulia ndani kama mgeni aliyealikwa, akapiga teke chungu cha maji. Ndipo mama mtu akafuata. Nikawafunga uani, nyuma kabisa, mahali ambapo mwanamume asiye wa nyumba hafiki.

Jumanne Yohana akapita kweli.

"Hodi wenyewe! Naulizia kama mna ng'ombe ambaye hakufika Makupa jana."

Nilijifunika vizuri, nikajibu bila kufungua mlango. "Humu hamna mwanamume, Bwana. Tumo wanawake peke yetu."

Nilijua ninachofanya. Nilijua kwamba akisikia hivyo, mtu wa heshima zake hataomba kuingia. Na hakuomba. Alikuwa anageuka aende zake, Lulu akalia. Akalia vile ng'ombe anavyolia akiwa hajapewa majani, mlio mrefu uliopita uani, ukapita ukumbini, ukatoka mlangoni.

Yohana akarudi mlangoni. "Hiyo ni nini, Bibi?"

"Shangazi yangu," nikasema. "Ana pumu."

Kisha akasema kwa upole, "Mpe pole sana shangazi," akaenda zake.

Nilikaa chini palepale ukumbini. Nilidhani nimemwokoa mtoto.

Siku nne nilikaa na ng'ombe nyumbani. Baya aliniletea mzigo wa majani kila asubuhi pamoja na maziwa ya wateja. Lakini uani palinuka, ndama alikula ncha ya kanga yangu mpya, na majirani walianza kuuliza maswali. Ijumaa nikamwambia Baya aje alasiri amrudishe Lulu zizini kwa wenzake. Sindano imepita, nikajiambia. Sasa mambo yamekwisha.

Kabla Baya hajafika, Bi Mwanakheri akaja. Ilikuwa kawaida yake kunitembelea Ijumaa baada ya sala. Nilimshika mkono nikaubusu, naye akabaki amesimama, pua juu.

"Rukia, nyumba yako yanuka zizi."

"Ni Lulu, Mama. Anarudi Makupa leo."

"Vyema. Yohana alimchoma lini?"

Akanitazama. Nikaangalia mkeka.

Nilitarajia ukali, mwanangu, maana alikuwa mwanamke aliyewanyamazisha madalali kwa kuinua nyusi tu. Lakini alivua buibui lake taratibu, akaketi, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Waogopa nini?"

Basi nikamwambia yote, maneno ya Bi Zuwena, na damu, na maziwa kukauka, na Zainabu. Nililia pia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanieleza nusu niliyokuwa sina, kama Yohana alivyomweleza yeye Jumatatu, naye alikuwa amemuuliza maswali mpaka kijana wa watu akatoka jasho.

Ng'ombe hupewa vitu viwili kwa pamoja. Upande mmoja hutiwa dawa iliyotolewa katika damu ya ng'ombe aliyeugua sotoka akapona, na damu ya aliyepona ina nguvu ya kuushinda ugonjwa. Upande wa pili hutiwa tone la damu ya ng'ombe mgonjwa. Hapo mwili hupigana, lakini hupigana huku una msaada. Ng'ombe hupata homa ndogo, maziwa hupungua siku kadhaa, kisha hupona, na sotoka haimrudii tena.

"Sikiliza sasa," akasema, akanishika kifundo cha mkono. "Katika siku hizo za homa, ng'ombe wale wana ugonjwa ndani yao. Wao wamekingwa. Asiyechomwa akiingia kati yao, ataupata wote, bila msaada. Yohana alinionya mara tatu. Ungemrudisha Lulu leo, ungemzika wiki ijayo."

Na bado sikuwa nimefikiria jambo baya zaidi. Yeye ndiye aliyeliona.

"Majani anayokula yatoka wapi?"

"Baya huyaleta."

"Kutoka zizini?"

Ewe mwanangu! Majani yalilala usiku kucha kando ya ng'ombe wenye homa, wakayapumulia, pengine wakayatemea mate, na Baya akayabeba kwa mikono ile ile iliyowakamua. Nilimficha Lulu asipate ugonjwa, nami nikawa namletea ugonjwa hadi mlangoni kila kukicha. Na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa tumboni mwa Zainabu, na mengine hayakumkaa.

Hapo hodi ikapigwa. Alikuwa Baya, na kamba mkononi. Bi Mwanakheri akamzuia nje, asikanyage hata kizingiti, akamtuma mbio amwite Yohana.

"Utamwambia wewe, Mama?" nikaomba.

"Mimi sikusema uongo. Utasema wewe." Kisha sauti yake ikalainika. "Mlango huu, Rukia, ni wa kutusitiri sisi. Usiufanye wa kusitiria uongo. Watu wakijua twaufanya hivyo, nani atauheshimu tena?"

Maneno hayo yalinichoma kuliko kelele yoyote.

Yohana akaja na mkoba wake. Nilisimama nyuma ya mlango pale pale niliposimama Jumanne, nikasema: nilikudanganya, Bwana, ng'ombe yumo, hakuchomwa, na amekula majani ya zizini siku nne.

Nikasikia akiweka mkoba chini. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema, "Kwa hivyo shangazi hana pumu?"

"Hana."

"Alhamdulillahi," akasema Mkristo yule, "maana nilimwombea."

Bi Mwanakheri akacheka mpaka akashika ukuta. Alifungua mlango yeye mwenyewe, mimi nikaingia chumbani na mtoto, naye akampitisha Yohana hadi uani. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Alimtazama Lulu macho, akamfungua kinywa akapitisha kidole kwenye fizi, akatoa kijiti cha kioo cha kupimia homa akakitia mahali ambapo ng'ombe hapendi kutiwa kitu. Akangoja. Sijapata kungoja namna ile tena maishani, hata mume wangu alipochelewa safari miezi miwili.

"Hana homa," akasema. "Kinywa ni safi. Sina hakika kabisa, lakini naona tumewahi."

Akamchoma pande zote mbili, na ndama pia. Akaniambia kupitia mlango wa chumba kwamba homa itakuja na maziwa yatapungua, nisishtuke. Na siku hizo za homa nisimpe mtoto maziwa yale. Nikamuuliza sasa maswali yangu yote, hata yale ya kijinga. Alijibu moja baada ya jingine. Hakuna hata moja alilolicheka. Fikiria, yote hayo ningeyapata Jumanne kwa kufungua kinywa tu.

Homa ikaja. Lulu alisimama amenyong'onyea, masikio yameinama, kibuyu kikarudi na maziwa ya kufunika chini tu. Bi Zuwena, baada ya kusikia kisa chote, alitoa maziwa ya mbuzi wake bila kuombwa, na Zainabu, ambaye aliyakataa maziwa ya ng'ombe wa kila mtu, aliyanywa ya mbuzi akalala. Hata hilo sikuwahi kulijaribu, kwa kuwa nilikuwa nimeshikilia kamba moja tu.

Kisha asubuhi moja nilikwenda uani nikamkuta Lulu anamlamba ndama wake, naye ndama anaitafuta ncha ya kanga yangu. Nikamkamua. Povu likapanda hadi mdomo wa kibuyu. Nilikaa kwenye kigoda changu, kichwa nimekiegemeza ubavuni mwake, nikavuta pumzi ambayo naona nilikuwa sijaivuta tangu ile Jumapili. Wale wa Makupa nao walipona wote. Sotoka ilipita kisiwani mwaka huo, ikawachukua wachache waliofichwa mahali pengine, na sikuwa na haki ya kuwalaumu wenyewe.

Basi, mwanangu, ninalokuusia ni hili. Kuogopa si kosa. Ukiogopa jambo la kinga au dawa, iwe kwa mtoto wako au kwa mifugo yako, nenda kwa anayelijua ukamwambie waziwazi: naogopa hiki. Usiridhike na nusu ya habari kwa sababu imefika kwanza. Usilifiche unalolipenda mbali na msaada, ukadhani umelilinda. Kinga ya zizi hutaka ng'ombe wote, na mmoja akibaki nje, hatari humfuata alipo. Ukishakosea, sema mapema, wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, maana siku moja ya kunyamaza yaweza kuwa ndiyo siku ya kuwahi. Na akija kwako kijana aliyeficha jambo, kabla ya kumkaripia muulize kama nilivyoulizwa mimi: waogopa nini? Utashangaa jinsi mlango unavyofunguka.

Mungu akujaalie watu wa kuwauliza bila haya, akupe subira ya kusikiliza jibu lote, na kila ulichokikumbatia kwa hofu akurudishie kikiwa kizima. Amina.