Goli la Nahodha wa Bandeji

Baba yangu hakuwahi kufika Uingereza wala hakuwahi kutamani kufika. Baridi, alisema, ni ya kuhifadhia samaki. Lakini ile klabu yake ya mpira ya huko aliijua kama alivyoujua mtaa wetu wa Mombasa: nani mkaidi, nani mpole, nani kafa na nani kazeeka. Alikuwa fundi cherehani. Redio ilikaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na Jumamosi jioni mtangazaji akipandisha sauti tu, Baba aliacha kukanyaga cherehani. Kiingereza chake kilikuwa cha kupimia watu nguo, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Alichokikosa redioni alikijaza mwenyewe.

Majina ya Kizungu yalimshinda, kwa hiyo akawapa wachezaji vyeo. Kulikuwa na Wale wa Kiwandani, vijana walioianzisha klabu wakiwa na mpira mmoja na jezi za sufu zilizowawasha shingo; habari ya jezi Baba hakuikosa kamwe. Kulikuwa na Kipa wa Kofia, aliyedaka kwa mkono mmoja huku wa pili ukiweka kofia sawa. Kulikuwa na Kocha Mskoti, ambaye hakuna aliyeelewa anachosema ila wote walimtii. Kulikuwa na Winga wa Kulia, aliyewapita mabeki wanne kisha akarudi kuwapita tena kwa raha zake. Huyo pombe ilimuua, na Baba, mtu wa swala tano, kila akimtaja alisema Mungu amsamehe.

Na juu ya wote alikuwapo Nahodha wa Bandeji. Alipasuka kichwa kwenye nusu fainali, akashonwa, na siku ya fainali akaingia uwanjani amezungushiwa bandeji, damu inachuruzika. Dakika za mwisho ikapigwa krosi, akaruka, akaupiga mpira kwa kidonda kilekile. Goli. Kombe. Akifika hapo Baba aligusa paji la uso wake kwa kidole.

Hadithi hizi alizipata aliyekaa ndani, na aliyekaa ndani ni mimi, nikimshonea vifungo. Mdogo wangu wa kiume hakuwa na subira ya kusikiliza habari za wachezaji waliokufa. Yeye alikuwa nje anacheza. Mechi haikuanza kwetu mpaka Baba amewataja wote kwa mpangilio, kama mtu anayesoma nasaba, kisha ananiuliza, "Nani alifunga siku ile?" Nami najibu, "Nahodha, kwa kidonda chake." Hapo ndipo mwamuzi angeweza kupuliza kipenga chake.

Sasa nisogee mbele, mpaka miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, mimi niko Burnsville, Marekani, kwenye chumba cha kupanga ambacho dirisha lake lilitazama maegesho ya magari na pipa la taka. Nilikuwa nimeomba hifadhi. Sababu zake nilizijaza kwenye fomu na sina haja ya kuzijaza tena hapa. La kujua ni hili: nikitoka nchini, kesi imekufa. Nisipotoka, nakaa nangoja. Nilingoja mwaka, nikangoja mwingine, kila siku nadrive ile barabara kuu ya thelathini na tano kwenda Saint Louis Park, kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha baba za watu. Nikiwasugua mgongo, nikiwakata kucha, nikiwalisha uji wao usio na sukari. Na wangu je? Wangu alikuwa Mombasa, kisukari kimemaliza macho yake, na wa kumkata kucha alikuwa mtu mwingine. Nilikasirika sana miaka hiyo, nisiseme uongo. Nilikasirikia theluji, nilikasirikia wakili, nilimkasirikia hata mzee mmoja mpole aliyeniita malaika.

Nikimwambia Baba nataka kurudi, ananijia juu. "Urudi ufanye nini, mama? Kunitazama? Mimi mwenyewe sijitazami." Kisha anapunguza sauti. "Usije. Hata wakikwambia nimekufa, usije."

Kilichobaki kwetu ni Jumamosi. Televisheni haikumfaa tena, redio siku hizi haina utulivu, na mdogo wangu akitangaza mpira hulala njiani. Basi nikamtangazia mimi. Niliuza sikukuu zangu zote kazini, Idi na Krismasi, ili nipewe Jumamosi asubuhi. Saa tatu kwangu ni saa kumi na mbili jioni kwake. Nafungua laptopu mezani, simu sikioni, blanketi mabegani, natangaza. "Mpira anao beki wa kushoto, anatafuta mtu, hampati, mjinga huyu, anarudisha nyuma." Baba ananifokea, "Usimtukane, mpe cheo chake kwanza!" Karibu na mwisho wa kipindi cha kwanza nasikia adhana ya Magharibi ndani ya simu, na mapumziko yakifika anakwenda kuswali. Akirudi anauliza kama kuna kilichoharibika. Siku hizo muulizaji wa lile swali la mwanzo alikuwa mimi, na mjibuji yeye. "Nani alifunga siku ile?" "Nahodha, kwa kidonda chake!"

Lazima niungame jambo. Nilipokuwa peke yangu huku, jioni moja niliisoma historia ya ile klabu kwenye intaneti. Kipa wa Kofia yupo kweli. Mskoti yupo, Winga yupo. Na Nahodha yupo, na kichwa chake kilipasuka kweli kwenye nusu fainali. Ila fainali hakucheza. Alikaa pembeni amevaa koti, akaitazama kama watazamaji wengine, na goli likafungwa na mchezaji wa akiba ambaye Baba hakuwahi kumpa hata cheo. Sijui redio ilikwaruza wapi siku ile. Nilifunga laptopu na sikumwambia kitu. Nimwambie ili iweje?

Mwaka wa mwisho, kabla theluji haijaanza, Baba alipata kiharusi. Sauti yake ikawa ya kunong'ona, simu haiinasi. Mdogo wangu akawa anaweka simu kwenye spika karibu na sikio la mzee, kisha anainama kusikiliza, ananipa maneno. "Mzee anasema songa mbele." "Mzee anasema hata Kipa wa Kofia angeidaka ile, na alishakufa." Hiyo ilikuwa Jumamosi tuliyofungwa nyumbani mawili bila, na kabla ya mechi nilikuwa nimeuliza swali letu, na jibu lilikuwa lilelile. Nilisikia na kikohozi chake kwa nyuma. Wiki hiyohiyo nikapata barua: mahojiano ya kesi yangu, Jumanne, wiki mbili na ushei mbele. Nikampigia mdogo wangu kwa furaha, akasema Alhamdulillahi, atamwambia mzee.

Jumamosi iliyofuata tulitoka sare. Mdogo wangu aliniwahi kabla sijauliza swali letu, akasema, "Dada, mzee kachoka leo, tuanze tu mpira." Nikaanza. Adhana niliisikia. Kikohozi sikukisikia, nikajiambia ni mtandao.

Jumamosi ya pili yake sikukubali kuanza. Nikasema, "Niulizie. Nani alifunga siku ile?" Mdogo wangu akasema subiri ainame. Alikaa huko muda mrefu kuliko mtu anayeinama. Akarudi anasema kwa uangalifu, "Mzee anasema... siku ile Nahodha hakucheza, alikuwa bado na jeraha. Aliyefunga ni mchezaji wa akiba."

Lilikuwa jibu sahihi kabisa. Maskini, alikuwa amelitafuta kwenye simu nyingine. Na mimi, kwenye kile chumba cha Burnsville, hita inavuma, nikajua kwamba baba yangu hayuko tena duniani.

Mtu wa kwetu aliye mbali haambiwi msiba hivihivi. Anafichwa. Watu wanapima kwanza: yuko peke yake? Ana jambo kubwa mbele yake? Wanatafuta jirani wa kwenda kukaa naye, ndipo simu inapigwa. Nami nimewahi kuwaficha wengine, nimewahi kumwambia mtu mama yake anaendelea vizuri huku sanda imeshakatwa, kwa hiyo sikuwa na pa kulalamikia. Wamenificha kwa ajili ya Jumanne. Wanaogopa nitapanda ndege. Na aliyefichwa, hata akijua, hana ruhusa ya kulia, maana bado hajaambiwa. Nikisema, "Kafa lini?" nitamvunja mdogo wangu, aliyejitwisha uongo wote huu kwa ajili yangu. Nikinyamaza, najifungia mlango kwa ndani.

Kwenye laptopu mpira ulikuwa umeshaanza. Nikasema, "Haya. Anao kiungo wetu, anapiga pembeni." Nikatangaza dakika tisini zote. Tulifunga, nikapiga kelele za goli kama kawaida, na mdogo wangu akasema, "Mzee amefurahi sana." Nikasema, "Msalimie." Astaghfirullah, ile salamu iliniuma mdomoni siku nzima.

Jumanne gari langu liligoma kwa baridi, lakini jirani yangu alikuwa keshaniambia atanipeleka. Ni Mkongo, mwimbaji wa kanisa, anaishi ngazi moja na mimi. Kwenye kiti cha nyuma niliona sufuria kubwa imefungwa taulo. Nikamwuliza ni ya nani. "Ya kanisa, mama," akasema, hakunitazama. Njia nzima aliimba chini kwa chini. Basi hata yeye anajua, nikawaza. Mimi tu ndiye nisiyejua.

Chumba cha mahojiano hakikuwa na dirisha. Afisa alikuwa mwanamume wa makamo, mstaarabu, mwenye mafua. Aliniapisha nimeinua mkono. Tukapitia fomu mstari kwa mstari, nilizaliwa wapi, niliingia lini. Kisha akafika kwenye wazazi. Mama, marehemu, sawa. Akasoma alichokuta kimeandikwa kwa mkono wangu. "Baba yako yu hai?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote magumu, wakili alinifundisha mwezi mzima. Hili hakunifundisha. Nikisema ndiyo, nimekula kiapo cha uongo. Nikisema hapana, nimemzika mimi mwenyewe, hapa, kwa Kiingereza, kabla ndugu yangu hajanipa ruhusa.

Nikasema, "Amefariki."

"Pole sana. Lini?"

"Sijui."

Akainua macho. "Hujui baba yako amefariki lini?"

"Sijui tarehe. Bado hawajaniambia."

"Kama hawajakuambia, umejuaje?"

Wallahi, hapo niliona kesi yangu inaondoka na miguu yake. Mtu asiyejua kifo cha baba yake ataaminiwa kwa lipi lingine? Lakini nilikuwa nimeapa, na sikuwa na ushahidi mwingine. Basi nikamweleza. Ndani ya ofisi ya serikali ya Marekani, nikamweleza mtu wa watu habari za klabu ya mpira ya Uingereza: jezi za sufu, Kipa na kofia yake, Mskoti, Winga Mungu amsamehe, na Nahodha na goli ambalo hakulifunga. Nikamweleza kwamba siku tuliyofungwa nyumbani jibu lilikuwa la makosa, na Jumamosi iliyopita lilikuwa sahihi, na baba yangu asingekubali kulisema sahihi hata kwa kushikiwa panga. Kwa hiyo kafa katikati hapo. Mkalimani nilikuwa nimemkataa, nikasema kila neno mwenyewe. Afisa alikuwa ameacha kuandika. Akanisogezea boksi la karatasi za kufutia pua, lililokuwa lake, kisha akaandika kwa muda mrefu. Alichoandika sijui mpaka leo. Jibu la kesi lilikuja baadaye sana, nami nilikuwa nimeshaacha kulingoja.

Jirani alikuwa kwenye gari, injini inanguruma. Tulirudi Burnsville, akapanda na sufuria yake hadi jikoni kwangu, akanivua koti kama mtoto. "Mama, ukule kwanza," akasema. "Kuraje," yaani nijipe moyo. Akapakua sombe, kisamvu cha kwao, na wali, kisha simu yake ikalia akanipa. Ilikuwa adhuhuri. Kwa mdogo wangu kulikuwa kumeshaingia Isha.

"Dada," akasema. "Umekaa chini?"

"Nimekaa."

"Mahojiano?"

"Yamekwisha."

Akavuta pumzi. Akaanza, "Dada, mzee..." akashindwa. Akaanza tena, akasema mzee aliusia mwenyewe, alimshika mkono akamwambia asinijulishe mpaka nitoke kwenye ile ofisi, na kwamba ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya ile mechi ya sare, na kwamba wamemzika Ijumaa baada ya swala na watu walijaa. Aliyasema yote mbiombio. Alikuwa akilia na kuomba radhi kwa pamoja, na mimi bado nilikuwa mkavu kama ubao, kijiko mkononi.

Nikamwuliza, "Nani alifunga siku ile?"

"Dada, tafadhali."

"Nani alifunga siku ile?"

"Mimi nilisoma, Dada. Yule mtu hakucheza. Alikaa pembeni na koti."

"Najua. Nimekuuliza nani alifunga."

Nilisikia nyuma yake watu waliokuwa bado wanakuja kutoa pole, vikombe, mtu anakohoa ambaye si Baba. Kisha mdogo wangu, ambaye maisha yake yote alikuwa nje anacheza, akasema polepole, "Nahodha. Kwa kidonda chake."

Nikaweka kijiko chini, nikalia.