Mlango Ulioota Mvi

Juzi mkwe wangu kanipa lifti kwenye gari lake la zamani. Nikaegemea mlango, mkono ukanata kama nimeshika ulimbo. Wee! Nikacheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka.

Baba yangu alikuwa dereva wa meneja pale kiwanda cha pamba, Bariadi. Wanunuzi binafsi wa pamba walishaingia, kiwanda kinakufa, lakini mimi mtoto ningejua nini? Mchana mmoja alikuja na gari la kiwanda nyumbani kulisafisha. Plastiki za milango zilikuwa zimepikwa na jua mpaka zinanata, zinanuka sigara na jasho. Nami nikachota pamba yetu ya shambani, nikasugua kwa nguvu. Kumbe! Pamba yote ikagandia pale, mlango ukaota mvi.

Baba akacheka sana. "Minza, umelizeesha gari langu!"

Akachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, akafuta taratibu, kama anaogesha kichanga.

Mama akatokea jikoni. "Baba Minza, wenye kiwanda wanalichukua kesho, na bado unawasugulia?"

"Ng'ombe hatolewi zizini na kinyesi mguuni," baba akajibu.

Mimi nikadhani linaazimwa tu, kwa ajili ya harusi.

Kesho yake jioni baba akarudi kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Nikamkimbilia na ndoo ya maji. "Baba, gari liko wapi tulisafishe?"

Akaipokea ndoo, akanawa uso. Akakaa vile vile, viganja usoni, mpaka maji yakamkaukia.