Mkwe wangu wa kisasa alivyotoka kwake kwa dirisha

Hamjambo vijana. Naambiwa humu kila mtu ni mkuu, hata yule bado anafuliwa soksi na mamake.

Sawa wakuu. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Chumvi mtaweka nyinyi huko chini kwa comments.

Mimi ni nyanya, naishi Nakuru. Binti yangu Nafula ameolewa na kijana wa mitambo ya stima kule Olkaria. Jina lake siandiki, mkwe hatajwi ovyo. Wamepanga nyumba ya sitting room, bedroom moja na mlango mmoja wa kutoka.

Mwezi jana Nafula alijifungua kwa operesheni. Hawezi kuinama, hawezi kuinua mtoto. Mama ya mkwe alishaaga dunia. Daktari akasema Nafula asisafiri. Nani ataenda? Ni mimi.

Sasa kwetu Waluhya, mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwe. Hata mkono hampeani. Akupate umejifunga leso, hiyo ni aibu ya kuita wazee. Nikampigia mkwe simu anitafutie mahali kwa jirani.

Akacheka. "Mama, hizo ni vitu za ushago. Sisi ni watu wa kisasa. Kuja ujisikie nyumbani."

Yeye ana diploma. Mimi niliwachia darasa la nne. Nikafunga mzigo.

Nilipofika, mtu wa kisasa alinisalimia akiangalia TV. Nikatandikiwa godoro sitting room. Chakula akaenda kulia bedroom, ati amechoka. Kumbe siku hizi uchovu huletwa na mama mkwe.

Asubuhi nikaamka kuchemsha maji ya mtoto, leso kiunoni. Basi la kazi humchukua mkwe saa kumi na mbili pale barabarani. Mlango wa bedroom ukafunguka kidogo. Ukafungwa. Ukafunguka tena. Ukafungwa.

Basi likapiga honi.

Nikasema, "Pita tu baba, si sisi ni watu wa kisasa?"

Mlango haukufunguka tena.

Halafu nikasikia huko nje caretaker anaita watu, ameshika mwizi. Hizo dirisha hazijawekwa grili, landlord bado anafikiria.

"Shuka pole pole boss. Hizo boots umetoa wapi?"

"Ni zangu. Hii ni nyumba yangu."

"Na mlango wa nyumba yako umeenda wapi?"

Ningecheka, lakini nikasikia Nafula analia. Alikuwa anajaribu kuinuka kitandani amshikilie bwanake, na kidonda bado kibichi.

Wakuu, bedroom ya mkwe ni mahali sifai kuingia hata nikiitwa na chifu. Niliingia. Nikamshika binti yangu mabega, nikamlaza, nikaangalia bandeji. Hakukuwa na damu. Mungu ni mwema.

Kuinua macho, mkwe huyo hapo dirishani, mguu mmoja ndani, mwingine mkononi mwa caretaker. Mimi na leso yangu.

Akasema, "Mama, umeamkaje."

Nikasema, "Salama baba. Enda kazi."

Kufika saa sita mchana nilikuwa nimepatiwa chumba kwa jirani, na kitanda ndani. Mkwe alipanga yote kwa simu akiwa kazini. Nikakaa wiki tatu, mchana namwangalia binti na mtoto, jioni natoka kabla mkwe arudi. Kidonda kikapona vizuri, na mkwe akaanza kutumia mlango wake.

Nilichojifunza: mila ya mtu haitoki kwa sababu ameisema vibaya kwa simu. Na mimi pia nimeona, mtoto wangu akilia, mwiko utangoja hapo nje.

Mwenye ataniita mshamba aandike hapa, hakuna shida. Lakini aanze kwa kutuambia mama mkwe wake alilala kwake lini, na asubuhi yeye alipitia wapi.

Mimi niliporudi Nakuru niliita vijana wangu wawili ambao hawajaoa, nikawaambia: hakuna mtu wa boma hii ataleta bibi kwa nyumba ya mlango mmoja. Tafuteni ya milango miwili, ndio muwe wa kisasa.