Saa Mbili za Mlima wa Busi

Niliondoka chuoni Chimwaga kwa sababu ya jibu lililonipendeza mno. Modeli yangu ya kompyuta ilisema mvua ikinyesha juu ya mlima wa Busi, maji huchukua saa mbili kufika kwenye mto wa mchanga, ulio mkavu hadi mvua inyeshe, ambako wanawake huchimba visima vya maji ya kunywa. Ili hesabu ziwe nyepesi, mlima wote nilikuwa nimeufanya mteremko mmoja laini, wenye matuta ya kontua yanayopunguza mwendo wa maji. Msimamizi wangu aliitazama ile namba, akasema, "Kauone mlima kwanza, kabla hujampa mtu." Nilikasirika, lakini nikafunga begi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la Kondoa, na alasiri bodaboda ikanishusha Busi kwa Mama Halima, mkulima aliyekubali kunipokea. Nilimpa shikamoo, nikapewa maji ya kuoga, kisha ugali wa uwele na mlenda. Mkwewe Saida aliniuliza nilichofuata. Badala ya kusema nimekuja kuhakiki, nikamjibu kifua mbele: "Mvua ikianza mlimani, mna saa mbili nzima kabla maji hayajafika mtoni."

"Saa mbili!" akasema Saida. "Kumbe huwa tunakimbia bure."

Kulipokucha, Saida alishuka mtoni na ndoo zake. Mimi na Mama Halima tukapanda mlima. Matuta yalikuwepo, mazuri kuliko nilivyoyachora. Ila kila tuta, pale lilipofikia njia ya ng'ombe inayoshuka kutoka kileleni hadi bondeni, lilikuwa limetobolewa kwa jembe.

"Nani kayatoboa?"

"Ni sisi wenyewe," Mama Halima akacheka kwa aibu. "Maji yakituama, mahindi yanaoza. Kila mtu anayafungulia njiani. La kwangu lile pale."

Njia ile ilikuwa imechimbika hadi kiunoni. Mlima mzima ulikuwa unamwaga maji yake kwenye mfereji mmoja, na mimi mfereji huo nilikuwa nimeufuta kwenye modeli yangu.

Saa nne hivi radi ikapiga, na matone mazito yakafuata. Mama Halima alitazama bondeni. "Saida akisikia radi hutoka," akasema. Kisha akanigeukia, uso umebadilika. "Ila leo umemwambia ana saa mbili."

Alipiga simu, ikaita, haikupokelewa. Tukatimua mbio kando ya njia ya ng'ombe. Kila tulipopita tuta, maji mekundu yalimiminika kutoka tunduni. Kabla hatujafika chini, yalikuwa yametupita. Sijawahi kuogopa namna ile. Kilichotuokoa ni mchanga wa mto, uliokunywa yale maji ya kwanza.

Saida alikuwa ndani ya kisima, kichwa tu kikionekana, akichota kwa kata. "Toka!" Mama Halima alimshika mkono mmoja, mimi mwingine. Ndiyo kwanza tumekanyaga ukingo, mto ukaja. Ulizoa ndoo zote mbili, na kisima hatukukiona tena.

Saida alikaa chini pale ukingoni. "Radi niliisikia," akasema. "Nikajua bado nina muda."

Nilimwomba radhi, nikalia mbele yao bila haya. Nikawaeleza jinsi nilivyourahisisha mlima wao.

Kesho yake nilirudi Chimwaga. Sikujaribu kuingiza kila jiwe na kila jani, nisingemaliza. Niliugawa mlima vipande viwili tu: mashamba, na njia ya ng'ombe inayopokea maji yake. Saa mbili zikawa dakika zisizofika thelathini. Nimejifunza kwamba kurahisisha si kosa, mradi ujue maji yanapita wapi kabla hujaanza kufuta. Jingine nililojifunza ni kufunga mdomo hadi nihakiki.

Nilimpigia Saida kumwambia. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na hiyo umeipima, au umeirahisisha tena?"

"Nimeirahisisha," nikakiri. "Lakini safari hii njia ya ng'ombe imo."

"Haya, dada. Wewe endelea na kazi yako. Mimi nikisikia radi, natoka."