Amana ya Mwalimu Harvey

Kila mwaka, korosho zikishauzwa, Ahmadi alikuwa akishusha kasha la mninga kutoka darini, akatoa viatu viwili vyenye chuma chembamba chini ya soli, akavipaka mafuta. Hakuna mtu wa Nyangamara aliyewahi kuvivaa. Vilishonwa Kanada, vya kutelezea juu ya mto ulioganda.

Vililetwa na Mwalimu Harvey, Mkanada aliyefundisha Lindi miaka michache baada ya uhuru. Alipoitwa kwao ghafla, alivikabidhi kwa mpishi wake, Abdulrahmani, akamwambia amtunzie mpaka atakaporudi. Hakurudi. Abdulrahmani alipokaribia kufa alimwita Ahmadi, mpwa wake. Katika ukoo wao, mali ya mjomba humwangukia mpwa. "Lakini hivi si urithi," mzee alisema. "Hivi ni amana. Vina mwenyewe."

Jirani wa Ahmadi, Klementi, alizoea kumtania kila masika.

"Ahmadi, mto wako umeshaganda?"

"Bado. Ukiganda nitakuita, na wewe uje uanguke."

Agosti iliyopita alifika Ellen, binti wa mwalimu, aliyezaliwa Lindi na kuondoka akiwa mdogo. Kiswahili chake kilikuwa kimepungua, ila shikamoo hakuisahau. Aliketi mkekani na Ahmadi na dada yake mkubwa, Mwahija, akaeleza taratibu kilichomleta.

Viatu vilikuwa vya babu yake, mkata magogo. Kila majira ya baridi yeye na wenzake walicheza mpira wa magongo juu ya mto wa kwao. Vita vikaja, timu nzima ikavuka bahari kwenda kupigana Ulaya, wakarudi wachache. Babu hakucheza tena. Alichukua sindano ya moto, akachoma majina ya waliokufa ndani ya viatu vyake. Sasa mji wao unafungua chumba cha kumbukumbu za timu hiyo, na hakuna aliye hai anayeyajua majina yote.

Ahmadi alifungua kasha. Chuma kiling'aa. Ellen akaelekeza kiatu kwenye mwanga, akachungulia ndani, kisha cha pili. Akapitisha kidole. Ndani vilikuwa vyeusi tii, vigumu kama gome.

"Ulipaka nini, baba?"

"Mafuta ya maganda ya korosho. Tunapaka hata nguzo za nyumba. Mchwa hagusi." Alisema hivyo kwa fahari, kisha akauona uso wa Ellen. Mafuta hayo hubabua vidole vya wabanguaji. Yeye alikuwa ameyamimina ndani ya viatu mwaka hadi mwaka.

"Majina yalikuwa humo?"

Ellen aliitikia kwa kichwa.

Ahmadi alivua kofia, akaiweka magotini. "Amana yenu imeharibikia mikononi mwangu. Naomba radhi."

"Hakuna shida," Ellen alisema upesi, akifuta macho.

Ahmadi hakuinua kichwa.

"Mwanangu," Mwahija alisema, "shida ipo, sote tunaiona. Usimfiche. Kama umemsamehe, mwambie. Kama bado, mwambie bado, atangoja."

Ellen alikishika kiatu kimoja mapajani, hata chai waliyoandaliwa ikapoa.

"Bado," alisema hatimaye.

"Haya," Ahmadi akajibu. Akavifunga viatu kwa kanga safi, akavirudisha kashani, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Ellen aliingia, akateremsha kioo. "Nitapiga simu," alisema.

"Nitapokea," alisema Ahmadi.