Mkrismasi Uliopuliziwa Salfa

Kwetu Kitangari ukipanda mti usiozaa chochote, watu wanakuangalia kama umemwajiria paka wako mtumishi. Mama alipanda mkrismasi mbele ya nyumba. Mbegu aliiokota Mkomaindo, mara ya kwanza alipolazwa hospitali. Nje ya dirisha lake kulikuwa na mkrismasi umechanua mwekundu mti mzima, na mpaka leo anasema ule ulimponya kuliko uji wangu. Sibishani. Uji wangu naujua.

Maji kwetu tunayafuata na baiskeli, kwa hiyo mti ulikunywa makombo: maji ya kunawa mikono, maji ya kuoshea mchele. Ukakua, ukanipita urefu, ila ua hata moja hakuna.

Mwaka jana mama akavunjika mguu, akarudi kulazwa kulekule Mkomaindo. Akanishika mkono.

"Baba'ngu, mti wangu usife. Nataka niuone unachanua."

"Mama, utaukuta unakuamkia shikamoo."

Haukupita muda majani yakageuka njano, yakapukutika yote, mara ya kwanza tangu upandwe. Kiangazi kimekaza, mikorosho imesimama kijani, mti wa mama peke yake mtupu kama kuku aliyenyonyolewa. Shemeji yangu, mume wa dada, akapita na mashine yake ya kupulizia mikorosho, akanikuta na ndoo.

"Shemeji, unamwagilia kuni?"

"Unaumwa tu huu."

"Umekufa huo! Nitakuja na panga, hapo tupande mkorosho."

Mama kila akipiga simu anauliza mti haujambo, mimi najibu haujambo kabisa. Nikapiga hesabu zangu za darasa la saba: mkorosho ukishikwa na ubwiriunga, maua yakajaa ukungu kama unga, dawa yake salfa. Mti si mti? Nikaazima ile mashine, nikaupulizia mpaka ukawa njano juu mpaka chini. Na mimi njano. Mbuzi wa jirani akapiga chafya siku nzima.

Mama akarudi Jumamosi anachechemea na fimbo. Hakuingia hata ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kautia bizari mti wangu?"

Shemeji naye keshafika, panga mkononi. Ikabidi niseme yote, mpaka uongo wa kwenye simu. Nikatega shavu, nasubiri kofi. Mama akausogelea mti, akakwangua gome kwa kucha. Ndani kijani kibichi, kuna majimaji.

"Umelala tu," akasema. "Hata ule wa hospitali safari hii ulikuwa mtupu. Kila siku nauangalia dirishani, nasema na wangu utakuwa hivi hivi, mwanangu atahangaika bure. Ningekwambia mapema. Lakini kila nikiuliza, haujambo!"

Hapo ningepigwa kofi ningeshukuru.

"Na wewe, baba," akamgeukia shemeji, "hilo panga kakatie kuni kwako."

Mvua za kwanza zikaosha bizari yangu yote. Majani yakarudi, na Desemba ukatoa kichala kimoja cha maua. Kimoja tu, tena kidogo, upande wa jikoni. Mama akatandika mkeka akakaa anakiangalia mpaka chai yake ikapoa.

Shemeji akaja, akasimama mbele yake, akatikisa kichwa.

"Mama, yote haya, na hata korosho moja hautoi."

Mama hakumwangalia.

"Sogea, baba. Unanizibia."